Erionaiti: Jiwe la Sufu Lililojificha Magadi

Najua wengi wenu mnapozifungua kurasa hizi hutafuta mashairi, vitendawili na visa vya kuvunja mbavu. Leo nawaomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa mimi nimewaletea jiwe. Naam, jiwe! Tena si dhahabu wala rubi, bali jiwe ambalo hata duka la sonara hulikuti. Jina lake ni erionaiti.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni madini adimu duniani, lakini hapa Kenya yapo, kule Magadi, mahali ambapo hutoka magadi tunayotia kwenye muthokoi ili uive upesi. Pili, ndugu zake erionaiti wanasifiwa kote kwa kusafisha maji na kuneemesha udongo, ilhali yenyewe imewaua watu wengi katika vijiji fulani vya Uturuki. Ndugu wa tumbo moja, tabia mbalimbali. Jambo hilo ndilo lililonifanya nikeshe nikisoma.

Tuanze na ukoo wenyewe. Ukoo huu unaitwa zeolaiti. Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Uswidi, Axel Cronstedt, alitia kipande cha jiwe la aina hiyo motoni, akashangaa kuona linatoa mvuke kana kwamba ni sufuria jikoni. Akaliita kwa maneno mawili ya Kigiriki, zeo, yaani kuchemka, na lithos, yaani jiwe. Jiwe linalochemka! Nadhani angalituuliza sisi wa Chama cha Kiswahili tungalimpa jina tamu zaidi, lakini alitutangulia kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Maji hayo yalikuwa yamekaa wapi ndani ya jiwe kavu? Mliowahi kuona sega likitolewa mzingani (na hapa Ukambani ni nani hajaona?) mtanielewa upesi. Zeolaiti imejengwa kwa atomu za silikoni, alumini na oksijeni zilizoshikana mikono zikaacha vyumba na vijia katikati, kama sega lilivyo na vyumba vya asali. Tofauti ni kwamba vyumba hivi ni vidogo ajabu. Mlango wa chumba haufiki hata nanomita moja, na nanomita moja ni sawa na kuikata mita vipande bilioni moja ukachukua kimoja. Humo ndimo maji yanamokaa. Ukilipasha jiwe moto, maji yanatoka na kuta hazibomoki. Likipoa penye hewa ya unyevu, maji yanarudi nyumbani kwake.

Maji hayakai peke yake humo. Kuna wapangaji wengine: ioni za sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Sababu yake ni hesabu ya chaji. Silikoni ina chaji 4 za chanya, alumini ina 3. Kila mahali alumini ilipochukua nafasi ya silikoni pana upungufu wa chaji moja, na upungufu huo lazima uzibwe na ioni fulani. Lakini ioni hizo hazikufungwa kwa minyororo. Zinaweza kuhama, zikaingia nyingine. Ukipitisha maji magumu, yale yenye kalsiamu nyingi, katika zeolaiti iliyojaa sodiamu, kalsiamu inaingia na sodiamu inatoka. Maji yanatoka upande wa pili yakiwa laini. Sisi tunaochota maji ya visima vilivyochimbwa kwa mashine tunajua maana ya maji magumu: unapaka sabuni, unasugua, unasugua, povu halionekani, na shati la shule linabaki na utando wa kijivu. Basi zeolaiti ndiyo dawa ya mambo hayo. Hata baada ya ajali za mitambo ya nyuklia ya Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011, zeolaiti zilitumika kunasa ioni za sizi zenye mnunurisho katika maji. Si mchezo.

Sasa tumfikie mhusika wetu. Erionaiti ilitambuliwa na kupewa jina mwaka 1898 na Arthur Eakle, kutokana na mawe ya Durkee, katika jimbo la Oregon, Marekani. Alikuta nyuzi nyeupe, laini, zimejikunja ndani ya nyufa za mwamba kama manyoya ya kondoo. Kwa Kigiriki sufu huitwa erion, hapo ndipo jina lilipotoka. Ndiyo maana nami naliita jiwe la sufu.

Rangi yake ni nyeupe au haina rangi kabisa. Ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4 katika kipimo cha Mohs, yaani msumari unalikwaruza bila taabu. Uzito wake ni kama mara mbili ya ule wa maji, kwa hiyo ni jepesi kuliko kokoto ya kawaida, kwani kokoto nyingi hufika 2.6 au zaidi. Fuwele zake zina pande sita, tena huwa ndefu na nyembamba kama sindano.

Wanakidato cha tatu wenzangu, hapa kuna zoezi letu la moli. Chukueni erionaiti yenye sodiamu mbili na potasiamu mbili: Na₂K₂Al₄Si₁₄O₃₆·15H₂O. Msiogope urefu wake! Sodiamu ni 46, potasiamu 78, alumini 108, silikoni 392, oksijeni 576. Jumla ni 1200 kamili, kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya mtihani. Maji ni 15 mara 18, yaani 270. Jumla kuu ni 1470. Gawanya 270 kwa 1470, uzidishe kwa 100, unapata 18.4. Maana yake ukishika gramu 100 za jiwe hili kavu kabisa mkononi, umeshika gramu 18 za maji. Na hiyo ni fomula moja tu. Jiwe la mahali pengine huwa na kalsiamu zaidi, au potasiamu zaidi, ndiyo maana tangu mwaka 1997 wataalamu wanaigawa erionaiti katika aina tatu kwa kufuata ioni iliyo nyingi zaidi.

Yale manyoya ya Oregon yanaonekana kwa macho. Lakini erionaiti nyingi duniani haionekani. Imo ndani ya majivu ya volkeno yaliyogandana kuwa mwamba, na fuwele zake ni vijisindano ambavyo huwezi kuviona bila darubini yenye nguvu. Erionaiti ya Magadi ni ya namna hiyo, na sasa nitaeleza ilivyofika huko.

Ziwa Magadi liko katika Kaunti ya Kajiado, kusini kabisa mwa Bonde la Ufa upande wa Kenya, kwenye kimo cha mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Machakos tuna undugu nalo kwa njia ya reli: ile njia ya treni ya kubebea magadi huchepuka kutoka reli kuu pale Konza, nayo ilikamilika mwaka 1915. Ziwa hilo halina mto wa kudumu unaoingia wala mlango wa kutokea. Hulishwa na mvua chache na chemchemi za maji ya chumvi zilizolizunguka, nyingine zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80. Jua la huko ni kali, maji yanakauka, chumvi inabaki. Imebaki na kubaki kwa maelfu ya miaka hadi ikawa tabaka nene la trona, yaani magadi yenyewe.

Mawe ya bonde lile ni ya volkeno. Nyakati za kale majivu ya volkeno yaliangukia ziwani. Ukiyatazama majivu hayo kwa darubini utaona ni vipande vya kioo, kwa sababu yalipoa upesi mno yasipate nafasi ya kupanga atomu zake. Kioo hiki kikikaa ndani ya maji makali ya magadi, kinayeyuka polepole. Silikoni na alumini zilizomo zinaachiwa, zinakutana na sodiamu na potasiamu, zinaanza kujipanga upya kuwa vyumba, na erionaiti inazaliwa. Haya yalielezwa kwa kina mwaka 1976 na wanajiolojia wawili, Ronald Surdam na Hans Eugster, waliochunguza tabaka za kale za Magadi. Waligundua pia kwamba erionaiti si mwisho wa safari. Maji yakizidi kuwa na sodiamu, erionaiti nayo inageuka kuwa zeolaiti nyingine iitwayo analsaimi. Kioo kikawa erionaiti, erionaiti ikawa analsaimi. Kwa hiyo mwanajiolojia akikuta aina fulani katika tabaka fulani, anaweza kusoma maji ya ziwa yalikuwa makali kiasi gani zama hizo, kama vile mzee anavyosoma mawingu. Mwaka 2014 watafiti walitoboa shimo katika Ziwa Magadi wakashuka mita 194 hadi kwenye mwamba wa volkeno ulio chini, wakapata historia ya karibu miaka milioni moja.

Eugster huyo huyo, mwaka 1967, alikuwa ametangaza madini mawili mapya kutoka Magadi yasiyokuwa yakijulikana na sayansi kabla ya hapo. Moja aliliita magadiaiti na lingine kenyaiti. Hayo si zeolaiti, lakini nimeyataja kwa kuwa nimefurahi mno kujua kwamba jina la nchi yetu liko katika orodha ya madini ya dunia, na sijui kwa nini hatulisikii darasani.

Majirani zetu Watanzania nao wanayo erionaiti. Katika Bonde la Olduvai, pale palipochimbuliwa mifupa ya binadamu wa kale, palikuwa na ziwa la magadi pia, na mwanajiolojia Richard Hay alikuta humo zeolaiti za aina kadha, erionaiti ikiwemo.

Mtaniuliza, na huku Mwala je? Jibu ni kwamba hatuna sababu ya kuitarajia. Erionaiti hutaka vitu vitatu vikutane: kioo cha volkeno, maji makali ya magadi, na bonde lililofungwa maji yasipate pa kukimbilia. Miamba yetu mingi ni ya kale sana, ile yenye mistari mistari inayometameta, na mchanga wa mito yetu umetokana nayo. Volkeno tunayo jirani, ndiyo Uwanda wa Yatta, lakini ule ni mto wa lava uliotiririka ukapoa, si majivu yaliyolowa ziwani. Na maji ya mvua zetu, ingawa ni machache, hukimbilia mto Athi na kwenda zake baharini. Chumvi haipati mahali pa kujikusanya.

Nimefika sasa kwenye habari za Uturuki. Katika eneo la Kapadokia kuna vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır. Wenyeji walijenga nyumba kwa mwamba laini wa majivu ya volkeno uliopo pale pale, wakachonga ghala na vyumba ndani yake, wakapaka kuta kwa unga wake mweupe. Katika miaka ya 1970 daktari Mturuki, Y. İzzettin Barış, aliona jambo la kutisha. Ugonjwa uitwao mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, ambao kwingineko ni nadra sana, ulikuwa ukimaliza familia kule. Katika Karain na Tuzköy karibu nusu ya vifo ilitokana nao. Saratani hiyo ilikuwa ikijulikana kwa wafanyakazi wa viwanda na migodi ya asbesto. Hawa walikuwa wakulima! Hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto hata siku moja. Uchunguzi ulipofanywa, mawe ya nyumba zao yalikutwa na nyuzi za erionaiti.

Mimi huelewa jambo hili kwa mfano wa mkonge. Mmewaona kina mama wakikwangua majani ya mkonge ili wapate nyuzi za kusuka vyondo. Uzi mmoja ukiuchana unatoa nyuzi mbili, na mbili zinatoa nne, kila moja nyembamba kuliko ya kwanza lakini urefu ni ule ule. Nyuzi za erionaiti nazo hupasuka hivyo kwa urefu, mpaka zinakuwa nyembamba kuliko mikromita moja. Unywele wa kichwa chako una mikromita 70 hivi. Uzi mwembamba namna hiyo unapepea hewani, unavutwa puani, unateremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Askari wa mwili, yaani zile seli zinazomeza uchafu, zinajaribu kuumeza na kushindwa, kwa sababu uzi ni mrefu kuliko askari mwenyewe. Zinakufa zikijaribu, zinamwaga sumu zake, wengine wanakuja, mambo ni yale yale. Jiwe haliyeyuki mwilini. Vita hivyo visivyokwisha hujeruhi seli za utando, na baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi, saratani inajitokeza. Mtu aliyevuta vumbi akiwa mtoto anaugua akiwa mzazi.

Jaribio moja la mwaka 1985 lilinishtua. Panya 28 walivutishwa vumbi la erionaiti ya Oregon, na 27 kati yao wakapata mesothelioma. Asbesto yenyewe haikufikia hapo. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka erionaiti katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo imethibitishwa vinasababisha saratani kwa binadamu.

Pana fumbo moja limebaki kule Kapadokia. Kijiji cha Karlık kiko kilomita chache tu kutoka Karain, na ugonjwa haukuwa na nguvu huko. Wapo wataalamu waliosema kwamba baadhi ya koo hurithi udhaifu fulani unaowafanya waugue upesi wakikutana na vumbi hilo. Wengine wanasema vumbi lenyewe linatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa maoni yangu, vyovyote itakavyokuwa, kama si vumbi koo hizo zisingaliisha.

Msidhani ni habari ya Uturuki tu. Katika kaunti ya Dunn, jimbo la North Dakota, Marekani, barabara za mamia ya kilomita ziliwekwa kokoto kutoka vilima vya karibu. Ni kokoto nzuri, nyepesi kuchimba. Kumbe zilikuwa na erionaiti! Magari yakipita, basi za shule zikipita, vumbi linatimka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyuzi zilizomo katika vumbi lile zinafanana na zile za Kapadokia. Ikiwa Wamarekani, pamoja na maabara zao zote, walimwaga jiwe hili barabarani bila kujua, basi sisi tunaotandaza maramu kila msimu wa mvua ukiisha tuna la kujifunza. Mimi nasema hivi: popote katika Bonde la Ufa patakapochimbwa mawe meupe laini ya ziwa la kale kwa ajili ya barabara au matofali, kipande kipelekwe maabara kwanza. Kwa macho huwezi kuitambua. Hutambuliwa kwa miale ya eksirei na darubini ya elektroni. Na mtu akikuletea gunia la unga wa zeolaiti, akikuambia ni mbolea nzuri, muulize zeolaiti gani. Ziko zaidi ya 60 za asili. Klinoptilolaiti ndiyo inayotumika sana mashambani, nayo haina sifa mbaya kama ya ndugu yake, ingawa vumbi lolote la jiwe si la kuvutwa.

Jiwe likilala chini ya ardhi halimdhuru mtu. Linapopondwa, kukatwa au kufagiliwa likiwa kavu, hapo ndipo balaa huanza. Ndiyo maana wachimbaji wanaojua kazi yao hulowesha mwamba kwanza, na kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi kuzuia nyuzi ndogo kiasi kile.

Rafiki yangu mmoja alipousoma mswada huu aliniuliza kwa hofu, "Kwa hivyo tuache kutia magadi kwenye kunde?" La, hasha. Magadi ya jikoni ni trona, chumvi ya sodiamu, inayofanyika kama ukoko juu ya ziwa. Erionaiti iko katika tabaka za majivu na matope ya kale. Tofauti yao unaweza kuiona mwenyewe. Chukua kipande cha magadi, kitie katika kikombe cha maji ya moto, kitayeyuka na kubakiza tope kidogo tu chini. Kamulia ndimu, utaona kinatoa povu, kwa sababu ni kaboneti na asidi ya ndimu inafukuza gesi ya kaboni dayoksaidi. Erionaiti haifanyi hivyo. Ungeitia katika kikombe kile kile, ungekamua ndimu zote za soko la Mwala, nayo ingekaa pale chini kimya, bila povu.